Sinema za Baba Mkwe

Héritier alifika Kabambare amelowa mpaka mifukoni. Dereva wa pikipiki alimshusha mbele ya nyumba ya baba mkwe wake, akakataa hata kikombe cha chai, akageuza haraka ili avuke tena kijito cha njiani kabla hakijajaa.

Héritier alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mzaliwa wa Uvira. Aliishi Salamabila na mkewe Rachelle, lakini siku nyingi alilala kwenye machimbo, maana mnunuzi akiondoka tu, mwenzake anachukua wateja wake. Safari hii hakuja kwa biashara. Rachelle alikuwa ameondoka nyumbani tangu mvua za mwanzo, akapanda pikipiki na sanduku lake, akarudi kwa baba yake. Hakuacha ugomvi nyuma. Hakuvunja kitu, hakumtukana mtu. Aliwaambia majirani anaenda kumsalimia mzee. Tangu hapo, mumewe alipompigia simu alijibu kwa adabu, akauliza hali, akaaga. Noeli ikapita hivyo. Mwaka mpya ulipoingia, Héritier akaelewa kwamba mke wake hakwenda kusalimia.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atasema kwamba hajawahi kumpiga mkewe, na ni kweli. Atasema nyumba haijawahi kukosa chakula, na hilo pia ni kweli. Katika mfuko wake mlikuwa na simu mpya na vitenge vizuri, vyote vya Rachelle.

Baba mkwe, Mzee Célestin, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyestaafu, Mubangubangu wa palepale, mtu mrefu mwembamba, ambaye mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alimpokea mkwe wake vizuri. Alimpa kiti, kitambaa cha kujifutia, na chai ya moto. Rachelle akatoka jikoni, akamsalimia mumewe huku akitazama chini, kama inavyofaa mbele ya baba, akarudi kwenye sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo. Héritier aliona amenenepa kidogo. Hakujua kama afurahi au ahuzunike.

Alipofungua mdomo kuanza yale maneno aliyoyapanga, mzee alimzuia kwa mkono.

“Ile maneno iko na wenyewe,” alisema. “Shangazi yake Dieudonnée iko Wamaza, anavuna mupunga. Atakuja njia ikikauka. Mbele hajafika, mimi na wewe hatuna kitu cha kusema juu ya Rachelle.”

Basi Héritier akawa wa kungoja. Kwa kuwa haikufaa mkwe alale kwa wakwe, alipelekwa kwa jirani, Yassine, muuza chumvi na sabuni, aliyekuwa na chumba kitupu. Alidhani atakaa humo ajifungie mpaka shangazi afike. Lakini siku ya pili, jua lilipoanza kulegea, Mzee Célestin alikuja mwenyewe mlangoni kwa Yassine, amevaa shati safi lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda misa.

“Kuja tuangalie sinema,” alisema.

Sebuleni palikuwa na televisheni ndogo juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Betri ilikaa chini ya meza, na waya wake ulipanda ukutani mpaka kwenye paneli ya sola juu ya bati. Kulikuwa na viti viwili vya mbao vyenye mito. Mzee alikaa kimoja, akamwonyesha mkwe wake cha pili. Héritier aliona kwamba Rachelle, aliyekuwa akipita na kapu, alisimama akakitazama kile kiti cha pili na mtu aliyekikalia, kisha akaendelea na safari yake.

Mapenzi ya Célestin kwa sinema za zamani yalianzia Kasongo, alipokuwa mwanafunzi wa bweni kwenye shule ya mapadri. Jumapili mchana padri mmoja alikuwa akitundika shuka ukumbini, anafunga madirisha, anawasha mashine. Mikanda ilikuwa ya Marekani, mingine ya rangi, mingi isiyo na rangi. Watu walizungumza Kifaransa kilichotiwa juu yake, lakini walipoimba sauti zilibaki za Kiingereza, na hakuna mwanafunzi aliyejua wanaimba nini. Wenzake walipenda zile za farasi na bunduki. Célestin alipenda zile ambazo watu wanatembea barabarani, wanasema habari zao za kawaida, halafu ghafla mmoja anaanza kuimba na wote wanajua hatua za kucheza. Kisha akaajiriwa ualimu, akaoa, vikaja vita, na kwa miaka mingi hakuona hata moja. Alikuwa amezeeka tayari siku mpwa wake wa Kasongo, anayenakili nyimbo na filamu kwenye simu za watu sokoni, alipomjazia flash nzima. Célestin alirudi nayo Kabambare ndani ya mfuko wa shati, ameifunga kwenye leso.

Héritier hakuyajua haya yote. Yeye sinema alizozizoea zilikuwa za makonde. Alikaa wima, mikono magotini, akangoja.

Ile ya kwanza ilikuwa habari ya kijana anayeendesha lifti katika hoteli kubwa. Anampenda binti anayepokea simu za hoteli, lakini binti anamwona mtu wa kupandisha na kushusha mizigo tu. Kijana anabeba masanduku ya wageni, anabeba maua, anabeba mpaka mbwa wa mama tajiri, na katikati ya kubeba huko anacheza na kitoroli cha mizigo, anakizungusha kana kwamba ni mwanamke, anapanda juu yake, anateleza nacho ukumbi mzima. Mzee Célestin alikuwa akipiga hatua zile kwa vidole juu ya mkono wa kiti. Penye wimbo aliimba pamoja nao, maneno ambayo hayakuwa ya lugha yoyote, ila yalifuata sauti sawasawa. Sinema ilipokwisha alifunika televisheni na kile kitambaa chake, akamshukuru mkwe wake kwa kuja, akamtakia usiku mwema.

Héritier alilala akifikiri. Alimjua baba mkwe wake kuwa mwalimu, na aliamini mwalimu hawezi kumwita mtu na kumkalisha mbele ya kitu bila sababu. Mzee alikuwa amekataa kusema habari ya Rachelle kwa mdomo. Basi anaisema kwa njia nyingine. Kijana yule alibeba. Alibeba kila kitu, mpaka binti akamwona. Na yeye Héritier, tangu aoe, alikuwa amembebea Rachelle nini?

Asubuhi alichukua madumu kwa wakwe zake akashuka kisimani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimpisha kwa mshangao. Aliporudi amelowa bega zima, Rachelle alimpokea madumu. Alimwuliza kama kwa Yassine hakuna kazi ya kufanya. Akajibu kwamba anasaidia tu. Kesho yake akabeba tena, na kuni pia, na habari ikaenea mtaani kwamba mkwe wa mwalimu ametiwa adabu.

Sinema zikaendelea. Mvua haikuacha, na habari kutoka Wamaza zilikuwa kwamba daraja la magogo limesombwa na Dieudonnée anangoja vijana walijenge upya. Kila jioni ambayo jua lilikuwa limewaka vya kutosha kujaza betri, Mzee Célestin alikuja kumwita.

Kuna jioni waliangalia habari ya mfanyabiashara wa biskuti anayesafiri kwa treni. Anarudi kwa mkewe na koti la manyoya la thamani. Mke, ambaye ni mwimbaji, analipokea koti, analivaa, anaimba nalo wimbo mzima mzuri, halafu anafungua dirisha la treni na kulitupa nje, na wasichana wanaohudumia abiria wanacheza kwenye njia ya kati ya mabehewa. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Héritier hakucheka. Aliwaza simu mpya na vitenge vilivyokuwa chini ya kitanda kwa Yassine, ambavyo hakuwa amevitoa bado kwa sababu alitaka avitoe mbele ya shangazi. Akaona ameponea chupuchupu. Zawadi ndilo kosa lenyewe, alijiambia. Mzee ameniambia nisijaribu kumnunua mtoto wake. Akaamua kurudi nazo Salamabila kama zilivyokuja.

Siku iliyofuata Rachelle alimkuta akipasua kuni nyuma ya jikoni. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

“Ulitoka Salamabila mpaka hapa mikono mitupu,” alisema. “Hata sabuni hukuniletea.”

Héritier alibaki na shoka mkononi. Hakuweza kusema kwamba zawadi zipo, maana angeulizwa mbona hazitoi, na hakuona jinsi ya kueleza habari ya koti na treni. Akasema atatafuta sabuni kwa Yassine. Rachelle akainuka akaenda zake. Alionekana kama mtu aliyetaka kucheka na aliyetaka kulia, na hakufanya hata kimoja.

Mkanda ambao ulimshinda Héritier kabisa ulikuwa wa kiongozi wa bendi, mtu mzima mwenye nywele nyeupe. Mkewe amekufa. Bendi yake inataka kuvunjika. Karibu na mwisho yule mtu anaingia kwenye ukumbi mtupu ambako viti vimepangwa juu ya meza, anaweka kofia yake juu ya piano, na anaanza kucheza peke yake, taratibu, mkono mmoja mbele kana kwamba amemshika mtu kiunoni. Hakuna maneno. Ni viatu vyake tu vinavyosikika kwenye mbao. Mzee Célestin hakupiga vidole safari hii. Alitazama bila kugusa chai yake, na machozi yalimtoka akayaacha yashuke.

Picha ilipokwisha, na kitambaa kikarudishwa, Héritier hakuinuka kuaga. Alisema amesikia. Alisema anajua mzee anamwambia nini: kwamba mke akiondoka harudi tena, kwamba atabaki kucheza na hewa. Alisema amebeba maji, ameficha zawadi, amefanya kila alichoonyeshwa, lakini hajui kinachofuata, na anaomba aambiwe waziwazi.

Célestin aligeuka kwenye kiti chake.

“Zawadi gani?” aliuliza.

Héritier akaeleza yote: kitoroli, koti, treni. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kujisikia mjinga, lakini alikuwa ameshaanza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo Héritier alimshukuru baadaye.

“Mukwe wangu,” alisema mzee, “miye sikukuonyesha kitu. Wewe ulikuwa mugeni, mvua inanyesha, na kile kiti kilikuwa kitupu. Marie-Thérèse ndiye alikuwa anakaa pale.”

Kisha akamweleza. Marehemu mkewe hakuzipenda hata kidogo sinema zile. Alikuwa akiuliza kwa nini watu wazima hawana kazi za kufanya, kwa nini mwanamke anavaa viatu vile kwenye ngazi, nani anapika wakati wote wanaimba. Lakini kila jioni alikaa. Alichambua mchele, alishona vifungo, alisinzia, na alikuwa pale. Alipokufa, Célestin alijaribu kuangalia peke yake akaona hawezi. Mtu anapofanya hatua nzuri, unataka kugeuka na kumwambia mwenzako umeona, na ukigeuka hakuna mtu. Rachelle aliporudi alimwomba akae naye. Alikaa, lakini alikaa kama mtu anayemuuguza mgonjwa. “Wewe,” alisema mzee, “ulikuwa unatazama sana. Macho hayatoki hata kidogo. Nikasema, nimepata mutu anayependa kama miye.”

Héritier alikuwa ametazama kwa woga, na mzee alidhani ni mapenzi. Aliuliza kwa sauti ndogo kama hakuna fundisho lolote basi.

“Fundisho ya nini?” alisema Célestin. “Nilifundisha miaka yote ile. Hapa napumuzika. Mimi nafurahia miguu yao, ile tu. Kama unataka kujua Rachelle anawaza nini, Rachelle iko jikoni.”

Kulikuwa bado na mwanga nje. Héritier alikwenda kwa Yassine, akachukua ule mfuko chini ya kitanda, akarudi nao jikoni. Rachelle alikuwa akisonga ugali wa muhogo. Héritier aliuweka mfuko juu ya mkeka, akasema ni vyake tangu siku ya kwanza, kisha akakaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jikoni mwa mtu, akamwuliza kwa nini aliondoka.

Rachelle alimalizia kusonga kwanza. Alifunika sufuria. Hakuufungua mfuko.

“Unakumbuka homa yangu ya mwaka jana?” alisema. “Walikupigia simu kwamba niko vibaya. Ukatuma pikipiki na dawa. Dawa ilifika, wewe hukufika.”

Héritier alitaka kusema kwamba siku zile wachimbaji walikuwa wamefikia mwamba mzuri, kwamba angeondoka angepoteza wote, kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Yote hayo yalikuwa kweli na aliyaona jinsi yalivyokuwa madogo. Rachelle aliendelea bila hasira, kama mtu anayesimulia habari ya jirani. Alisema alipopona alitaka kumwambia alivyoogopa wakati ule, lakini kila mumewe aliporudi alikuwa na simu sikioni, akila anahesabu, akilala amelala. Rachelle alingoja aulizwe. Akangoja mpaka mvua za mwanzo. Halafu akaona ni afadhali akangojee kwa baba yake, ambako angalau kuna mtu wa kuongea naye wakati wa kula.

“Sasa niulize,” alisema.

Akamwuliza. Rachelle alimweleza habari ya ile homa tangu siku ya kwanza: jirani aliyemfungia mlango watoto wasimpigie kelele, ndoto alizoota, jinsi alivyosikia pikipiki mbele ya nyumba akaamini ni mumewe, akajikokota mpaka mlangoni na kumkuta dereva ameshika mfuko wa plastiki. Hapo ndipo alipolia. Héritier naye alilia, akaona haya, akalaumu moshi. Ugali ulipoa. Mzee Célestin alikuja mpaka mlangoni mwa jikoni kuuliza habari ya chakula, akawaona, akarudi sebuleni bila kuuliza.

Shangazi Dieudonnée alifika siku chache baadaye, na matope mpaka magotini, amechoka na tayari kwa kesi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na alikasirika kidogo kukuta watu wamekwisha kuzungumza bila yeye. Akawalazimisha waseme yote upya mbele yake, kila mmoja kwa zamu. Kisha akakata shauri. Rachelle hatarudi Salamabila kukaa na kuta. Atabaki Kabambare, mumewe atampangia nyumba hapohapo, na atafungua duka lake la vitenge kama alivyotaka tangu zamani. Héritier aende machimbo akitaka, lakini kwake sasa ni Kabambare, na akisikia mkewe ana homa, kitakachopanda pikipiki ni mwili wake. Héritier alikubali. Alijua atapoteza wateja, na alisema hivyo wazi. Shangazi akamjibu kwamba wateja wapo wengine.

Muda wote Mzee Célestin alikuwa akitazama dirishani. Kesi ilipokwisha alisema betri imejaa. Wakaangalia wote wanne. Dieudonnée alipewa kiti kimoja, mzee cha pili, na mke na mume wakakaa mkekani. Ilikuwa ile ya hoteli. Shangazi alivumilia mpaka mahali kijana anapocheza na kitoroli, akauliza kwa nini asimwambie yule binti kwamba anampenda, wamalize, kila mtu aende nyumbani. Célestin akasema angesema mapema, miguu ile tungeiona wapi. Shangazi hakuridhika, lakini hakuondoka.

Mambo hayakunyooka yote mara moja. Nyumba waliyoipata ilivuja, na duka lilianza kwa meza tu kwenye baraza ya Yassine. Miezi ya kwanza Héritier alipata dhahabu kidogo, na kuna Jumamosi alifika nyumbani akiwa na kinywa kizito kama zamani. Rachelle alimwachia ale, kisha akamwambia aanze kusema, lolote. Akasema habari ya tope. Wakaanzia hapo.

Na sinema alizipenda, kwa kuchelewa na bila kutegemea. Mzee alisifu wachezaji wakuu. Héritier alimpenda yule rafiki wa mchezaji mkuu, mfupi mwenye masikio makubwa, ambaye anaonekana katika kadhaa kati ya zile sinema, na hakuna hata moja ambamo anampata msichana. Walibishana juu yake. Mzee alisema yule anachekesha tu. Héritier alisema atazame magoti yake, hayapindi ovyo, na yule mkuu bila yeye hana wa kumwangalia. Rachelle alisema wote wawili wanaongea kama walevi.

Jioni moja mwishoni mwa mvua pikipiki ya Héritier ilikwama njiani, akafika Kabambare akiisukuma. Alipoingia kwa baba mkwe wake, viatu mkononi, picha ilikuwa imekwisha kuanza na watu walikuwa tayari wanaimba. Alitaka kukaa kimya. Célestin alimwona, akachukua rimoti, akasimamisha picha. Akamwambia anawe miguu kwanza. Héritier aliporudi na kukaa, mzee aliirudisha nyuma mpaka mwanzo kabisa, kwenye majina, akaiwasha.